Mbinu ya kuunda programu hupimwa mwilini kwanza

Saa tatu asubuhi wasanidi programu watatu wanainuka vitini. Wanakaa meza moja, wanagombania chaja moja, na jana kutwa walikuwa wakisikilizana. Hata hivyo wanasimama duara, na kila mmoja anaeleza alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha. Dakika kumi baadaye wanaketi tena, na hakuna aliyeambiwa jambo ambalo hakulijua. Ghorofa ya juu yao kuna ofisi ya timu nyingine, ya watu kumi na wawili waliotawanyika Mwanza, Arusha na Dar es Salaam. Hao kikao cha kusimama walikifuta mwezi wa pili wa mradi, wakisema kinakula muda. Wiki iliyopita wawili kati yao waligundua kwamba wameandika sehemu ileile ya mfumo, kila mmoja kivyake.

Ukiwauliza, timu zote mbili zitakwambia zinafuata Scrum, mbinu ya kuunda programu ambayo kikao hicho cha kusimama ni mojawapo ya desturi zake.

Kikao hicho kinazuia hatari moja mahususi, nayo ni watu wa kazi moja kutojua mwenzao amefika wapi. Watatu wa meza moja hawana hatari hiyo, ila kumi na wawili wa miji mitatu wanaamka nayo kila siku. Kwa hiyo timu ya kwanza imevaa koti la baridi Tanga mwezi Januari, na ya pili imelivua Makete mwezi Julai. Timu hizi sikuzitoa kwenye ofisi fulani, nimezichora tu, lakini aliyewahi kufanya kazi hii atakuwa ameshawakumbuka watu wake.

Suala la kuifanya mbinu ya kuunda programu iukae mradi unaohusika lina historia ndefu, na jina lake kwa Kiingereza limetoka kwa mafundi cherehani. Huitwa tailoring, yaani ushonaji. Mwaka 2005 Ujerumani ilitoa utaratibu wa kuendesha miradi ya mifumo ya serikali ukiitwa V-Modell XT, na herufi hizo mbili za mwisho zinasimama badala ya ushonaji uliokithiri. Msimamizi anajaza sifa za mradi wake: je, ni programu tupu au ina vifaa ndani yake, yeye ni mteja au ni mkandarasi, kuna suala la usalama au hakuna. Kutokana na majibu hayo anakusanyiwa vipande vya utaratibu vinavyomhusu, na visivyomhusu vinabaki ghalani.

Mchoro uliosomwa nusu

Ajabu ni kwamba wazo hili lilikuwepo tangu siku za mwanzo kabisa, tena mahali ambapo watu wengi hawalitarajii. Mwaka 1970 Winston Royce, mhandisi wa Marekani aliyetoka kwenye programu za vyombo vya anga, aliandika makala fupi kuhusu kusimamia miradi mikubwa. Ndani yake mna mchoro wa visanduku vinavyoteremka ngazi kwa ngazi: mahitaji, uchambuzi, usanifu, uandishi wa msimbo, majaribio, uendeshaji. Baadaye mchoro huo ulikuja kuitwa maporomoko ya maji, jina ambalo Royce mwenyewe hakulitumia. Wanafunzi wa kompyuta hufundishwa kwamba ndiye baba wa ukaidi wote wa zamani, ule wa kutorudi nyuma hata mvua ikinyesha.

Ukiisoma makala yenyewe unakuta mambo mengine. Kabla ya mchoro ule maarufu kuna mwingine, wa visanduku viwili tu, uchambuzi na uandishi wa msimbo. Royce anasema hivyo viwili vinatosha kwa programu ndogo itakayotumiwa na walioiunda. Kisha akishachora ngazi ndefu kwa ajili ya miradi mikubwa, anaonya kwamba kuifuata jinsi ilivyo ni kujitafutia balaa, kwa kuwa majaribio yanakuja mwishoni, na kosa likionekana huko linaweza kuirudisha kazi yote hadi kwenye mahitaji. Anashauri mfumo wa aina mpya uundwe mara mbili, ule wa kwanza uwe wa kujifunzia, na mteja ahusishwe mapema. Kwa maneno mengine, karatasi inayolaumiwa ilianza kwa kusema mradi mdogo uvae nguo ndogo.

Waliobaki na ule mchoro mmoja ni wengi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kiwango chake cha kuunda programu mwaka 1985, DOD-STD-2167, chenye hati nyingi za kuandaliwa hatua kwa hatua. Toleo lake lililofuata, la mwaka 1988, lilitolewa hata mwongozo mahususi wa namna ya kulipunguza. Kwa nini basi watu walizidi kuagiza hati zote? Nadhani jibu halihitaji utafiti. Afisa aliyepunguza hati na mradi ukaanguka ataulizwa nani alimtuma. Aliyeagiza zote na mradi ukaanguka, huyo alifuata utaratibu. Anayewafahamu maafisa manunuzi wa kwetu hapa hahitaji maelezo zaidi.

Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, wakatoa ilani fupi ya mbinu nyepesi, ambazo leo kila mtu anaziita ajaili, kutoka neno la Kiingereza agile. Walichoka na makabati ya hati. Lakini miaka michache haikupita kabla ya wepesi nao kugeuka sare ya shule. Mwongozo rasmi wa Scrum unasema unaweza kutekeleza sehemu tu ya yaliyomo, ila matokeo yake hayatakuwa Scrum. Mimi naona waandishi wake wana haki ya kulinda jina lao. Mteja wako, hata hivyo, halipii jina.

Miaka kadhaa kabla ya Snowbird, wasomi walikuwa wameshalichukulia suala hili la ushonaji kama uhandisi kamili. Kumar na Welke waliandika juu yake mwaka 1992, na mwaka 1996 Sjaak Brinkkemper wa Uholanzi akaeleza wazo la kuivunja mbinu katika vipande, kuviweka ghalani, halafu kuunda mbinu ya mradi husika kwa kuchagua na kuunganisha. Kwa namna walivyolifikiria, ghala hilo lingetunzwa kwenye kompyuta na kuwa na mtaalamu wake. Kwa kampuni ya watu sita hilo ni sawa na kununua kiwanda cha nguo ili upate suruali moja. Kinachobaki na thamani kwa yeyote ni lile wazo la kipande: mbinu ni mkusanyiko wa desturi ndogondogo, na kila moja inaweza kuulizwa ina kazi gani hapa.

Ireland kuna mifano miwili iliyochunguzwa vizuri na kuchapishwa. Wa kwanza, wa mwaka 2003, ulihusu ofisi ya Motorola mjini Cork. Huko kushona kulifanyika mara mbili: kwanza kampuni ilirekebisha viwango vya tasnia vikae kwenye shughuli zake kwa jumla, halafu kila mradi ukarekebisha tena ule utaratibu wa kampuni. Wa pili, wa mwaka 2006, ulihusu Intel ya Shannon. Wahandisi walichukua baadhi ya desturi za XP (Extreme Programming, mojawapo ya zile mbinu nyepesi), nyingine wakaziacha kwa makusudi, na walizozichukua wakaziunganisha na Scrum.

Futi shingoni

Vipimo vya kuanzia si vingi. Cha kwanza ni idadi ya watu, na hiki watu hukidharau kwa sababu kinaonekana cha kitoto. Watu 4 wana njia 6 za kuzungumza wawiliwawili. Wakiwa 12 njia zinafika 66, wakiwa 40 zinafika 780. Hapo ndipo maandishi, vikao na wasimamizi vinapopata kazi. Havikubuniwa ili kuwaudhi vijana.

Kipimo cha pili ni madhara: programu ikikosea, nani ataumia na kwa kiasi gani? Alistair Cockburn, mmoja wa wale 17 wa Utah, alitengeneza familia ya mbinu aliyoiita Crystal, akizipa rangi kadiri timu inavyokua. Pembeni ya idadi ya watu aliweka ngazi nne za hasara: usumbufu, pesa ambayo mtu anaweza kuivumilia, pesa ambayo ikipotea shughuli inakufa, na mwisho kabisa uhai. Ratiba ya ligi ya mchangani ikikosea, timu mbili zitakutana uwanja mmoja na kelele zitapigwa. Mfumo wa SACCOS ukikosea, kuna mtu hatalipa ada ya mtoto. Mashine inayodondosha dawa kwenye mshipa wa mgonjwa ni ulimwengu mwingine.

Sekta ya ndege imelifanya hili kuwa hesabu. Kiwango cha DO-178C cha mwaka 2011 kinagawa programu za ndani ya ndege kwa ngazi tano kufuatana na kitakachotokea zikishindwa. Ngazi A, ambako kosa linaweza kuiangusha ndege, ina malengo 71 ya kutimizwa. Ngazi D ina 26. Ngazi E, ambako kosa haliathiri usalama wa safari, haina hata moja. Ndege ni moja na abiria ni walewale, ila kila programu ina nguo yake. Nikiambiwa kwamba kupunguza utaratibu ni dalili ya uzembe, huwa nataja ngazi hizo.

Kipimo cha tatu ni kasi ya mabadiliko, na hapa mfano mzuri uko karibu. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005 ikiwa njia ya wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu, kwa kushirikiana na taasisi ya Faulu Kenya. Waliopewa waijaribu walifanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wakatumiana pesa. Wengine waliweka fedha humo kabla ya safari ili wasitembee nazo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikowekwa mbele, na mikopo ikasogezwa kando. Hati ya mahitaji ya 2005, hata kama ingeandikwa na malaika, isingeweza kulijua hilo. Kwa kazi ambayo matumizi yake hayajulikani, jaribio dogo lenye watu halisi lina uzito kuliko kurasa mia mbili za uchambuzi.

Lakini tazama upande wa pili wa mfumo huohuo. Menyu ya M-Pesa ilikaa ndani ya kadi ya simu. Kadi ikishafika mfukoni mwa mteja, kurekebisha kilichomo si sawa na kubadilisha kitu kwenye kompyuta ya kampuni yenyewe. Kwa hiyo mradi mmoja unaweza kuwa na sehemu inayovumilia kubadilishwa kila wiki na sehemu nyingine inayodai ufikiri mara saba kabla hujakata. Wanaotaka mbinu moja kwa mradi mzima hukosea hapo. Ushonaji mara nyingi unafanyika ndani ya mradi, kipande kwa kipande, na kiungo kati ya vipande ndicho kinachohitaji macho.

Kipimo ambacho vitabu hukipitia haraka, na ambacho huku kwetu ndicho kinachouma, ni mteja na mkataba wake. XP ilitaka mteja akae na timu, chumba kimoja, siku zote. Ni wazo zuri sana. Sasa jaribu kulipeleka kwa idara ya serikali iliyokupa zabuni. Mteja wako ni mtumishi mwenye bajeti ya kuandaa, wakaguzi wanaokuja Jumatatu, na bosi anayemwita Dodoma bila taarifa. Mkataba una bei isiyobadilika. Malipo ya awamu ya kwanza hayatoki mpaka hati ya mahitaji isainiwe. Halafu kijana aliyetoka kozini juzi anasema "sisi ni ajaili, hatuandiki hati". Basi hamtalipwa.

Hati hapo haikwepeki, ila unaweza kuchagua inakaza wapi. Nilichokiona kikifanya kazi ni kuandika ndani ya hati kuu yale ambayo mfumo lazima uyafanikishe, kwa mfano kwamba mwananchi apate namba ya malipo bila kufika ofisini na kwamba makusanyo yalingane na taarifa ya benki. Sura za kurasa, vitufe na mpangilio wa ripoti unaviweka kwenye kiambatisho ambacho mkataba wenyewe unaruhusu kirekebishwe kila mwezi kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa. Kwa namna hiyo mkaguzi anapata karatasi yake na timu inapata nafasi ya kugeuka. Na badala ya mteja wa kukaa chumbani, unaomba saa mbili za kila Alhamisi, mtu yuleyule, na mfumo ukiwa umewashwa mbele yake. Akituma sauti ya WhatsApp saa nne usiku, na atatuma, mtu mmoja ana jukumu la kuiandika asubuhi yake kwenye orodha ya kazi. Maagizo ya WhatsApp yasiyoandikwa yamewagombanisha wasanidi na wateja kuliko hitilafu zote ninazozikumbuka.

Kuhusu uzoefu wa watu, neno fupi tu: timu yenye wakongwe wanne inaweza kuachiwa mambo mengi mdomoni, na timu ya wanagenzi wanne na mkongwe mmoja haiwezi, hata kama mradi ni uleule.

Ukibana kiuno, mifuko husogea

Fundi akiletewa suruali ya mtumba haanzi na mkasi. Anaigeuza ndani nje, anaangalia mishono, kwa sababu anajua akikibana kiuno sana mifuko ya nyuma itakutana katikati. Mbinu nazo zina mishono hiyo, na makosa mengi ya kupunguza yanatokea hapo.

Chukua XP. Iliruhusu watu wasichore usanifu mkubwa mwanzoni, waanze na ulio rahisi kabisa. Ruhusa hiyo haikusimama peke yake. Ilishikiliwa na majaribio yanayojiendesha yenyewe, na kuusafisha msimbo mara kwa mara, na watu wawili kuandika pamoja ili kosa lionwe mapema. Desturi moja inalegeza, tatu zinakaza. Timu nyingi huchukua ile inayolegeza, kwa kuwa ni tamu, na kuziacha zinazokaza kwa sababu zina gharama. Miezi sita baadaye hawana usanifu na hawana majaribio, kila badiliko linavunja kitu kingine, na lawama anatupiwa ajaili.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuondoa desturi yoyote ni hili: ilikuwa inazuia nini, na hicho kitu hapa hakipo, au sasa kitazuiwa na nani? Kama hakipo, ondoa bila woga. Kama kipo na una kitu kingine cha kukizuia, badilisha. Ukiwa huna jibu, ndiyo kwanza unaanza kuielewa desturi hiyo, kwa hiyo iache ilipo kwa sasa.

Gharama ya kukosa jibu ilionekana Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 iliporuka kwa mara ya kwanza na kuharibika angani chini ya sekunde 40 baada ya injini kuwashwa. Kifaa cha kupima mwelekeo kilikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda pembeni. Thamani mojawapo ikazidi 32,767, kiwango cha mwisho ambacho nafasi yake ya biti 16 ingeweza kubeba, na kifaa kikazima. Kilichokuwa akiba yake, chenye programu ileile, kilikuwa kimeshazima kwa sababu hiyohiyo. Watu hukumbuka namba. Mimi hukumbuka zaidi kwamba majaribio ya kifaa hicho hayakutumia mwenendo wa safari ya Ariane 5, na kwamba kifaa chenyewe hakikuingizwa kwenye majaribio ya mwigo wa mfumo mzima. Kilikuwa kimeshathibitishwa kwenye roketi iliyotangulia. Kila punguzo lilikuwa na sababu iliyokuwa ya kweli kwa Ariane 4. Hakuna aliyerudi kuipima roketi mpya kwa futi.

Kuna pia swali la uanzie wapi, na hapa wataalamu hawakubaliani. Wengine huanza na mbinu nene na kupunguza, kama V-Modell XT. Wengine, Cockburn akiwemo, hupendelea kuanza na kidogo na kuongeza pale panapovuja. Upande wangu ni huo wa pili kwa miradi ya kawaida, kwa sababu niliyoitaja kwa yule afisa: binadamu huogopa kuondoa kuliko kuongeza, hivyo mbinu nene hubaki nene. Isipokuwa pale kwenye ngazi ya uhai. Huko anza na nene, na kila unachokiondoa mwenzako akiwekee saini.

Vyovyote utakavyoanza, andika. Ukurasa mmoja unatosha, unaokaa pamoja na msimbo na si kwenye barua pepe ya mtu. Unaeleza desturi iliyoondolewa au kubadilishwa, hatari iliyokuwa ikizuiwa, kinachoizuia sasa, na jambo ambalo likitokea uamuzi huo ufunguliwe upya. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, ilhali mradi haukai na umbo moja. Kwa wale watatu wa meza moja, mstari wao ungesomeka hivi: kikao cha asubuhi kimeondolewa, hatari ni kutojuana kazi, tunasikilizana mezani, uamuzi ufunguliwe siku mtu wa nne atakapoajiriwa au mmoja wetu atakapoanza kufanya kazi akiwa Morogoro.